Mama, Tazama Jicho la Kondoo Kabla Hujamwuza

Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi kupita kawaida. Hapa Peramiho tumezoea mvua za kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, lakini safari ile mawingu hayakutuacha. Majani yaliota hadi mlangoni mwa zizi, nasi tukafurahi tukidhani kondoo wetu watanenepa. Walikuwa wanane. Tuliwanunua kidogo kidogo kwa fedha za mahindi, mwaka huu mmoja, mwaka mwingine wawili, na kila mmoja alikuwa na kazi yake tayari: huyu ni sare za shule, yule ni madaftari na mchango wa chakula cha watoto shuleni, yule mwingine ni akiba ya siku ya ugonjwa. Ilipofika Machi, watatu walikuwa wamekufa.

Hawakuharisha. Hawakukohoa. Walikula majani kama kawaida, ila walianza kubaki nyuma wenzao wakitembea, wakawa wanalala mapema, na jioni tuliona kitu kama mfuko wa maji umening'inia chini ya taya. Jirani mmoja alisema wamekula majani ya sumu. Mwingine alisema ni kijicho cha watu. Wa tatu alipokaribia kufa tulimchinja, na baba alipopasua tumbo la nne, lile linalofuata baada ya kitabu, tuliona kilichotuibia: minyoo wembamba wengi sana, kila mmoja mrefu kama upana wa kidole gumba au kuzidi kidogo, wekundu na weupe kama nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja.

Katika kundi lile alikuwapo jike mmoja mdogo, wa rangi ya kahawia nyekundu, mwenye mkia mnene. Hakuwa na sura ya kumtamanisha mnunuzi. Tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba yeye ndiye atauzwa Pasaka, ili tubaki na wale wakubwa, na hasa dume letu refu ambalo wapita njia walilisifu. Bwana mifugo alipofika, alimshika yule jike mdogo, akamfunua kope ya chini, akatuita tutazame. Ndani palikuwa pekundu. Kisha akalifunua lile dume. Palikuwa pamefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

"Mama," alisema, "hapa mlitaka kuuza dawa na kubaki na ugonjwa."

Maneno hayo yalituuma, lakini yalitufungua macho. Tangu siku ile tumejifunza mengi ambayo tungependa kila mama mwenye kondoo wawili au kumi ayajue. Hapa kwetu kondoo si wengi kama mbuzi au nguruwe, na pengine ndiyo sababu hatuwazungumzii sana. Lakini kwa aliye nao, kondoo ni mkoba wa nyumba.

ADUI ANAYENYONYA DAMU

Minyoo wa tumbo la kondoo ni wa aina nyingi. Anayeua zaidi katika nchi za joto na mvua ni huyu mwekundu na mweupe. Wataalamu humwita Haemonchus contortus. Wekundu wake ni damu ya kondoo iliyomo tumboni mwake, na weupe ni mifuko yake ya mayai iliyojizungusha.

Jike mmoja wa mnyoo huyu aweza kutaga mayai 5,000 na zaidi kwa siku moja. Mayai hutoka na kinyesi. Kukiwa na joto na unyevu, yanaanguliwa, na katika muda wa kama juma moja viluwiluwi vyake huwa tayari kupanda kwenye majani yaliyolowa. Kondoo anapokula majani hayo anavimeza, na baada ya kama majuma matatu ndani yake kuna minyoo wakubwa wanaotaga tena. Ndiyo maana msimu wa mvua kundi laweza kuwa zima mwezi huu, na mwezi ujao likawa hoi.

Sasa tuhesabu damu. Mnyoo mmoja hunyonya kidogo sana, hata tone halijai. Lakini wakiwa 5,000 ndani ya kondoo mmoja, damu inayopotea kwa siku yaweza kufika robo ya lita. Kondoo wa kilo 30 ana damu ya kama lita mbili tu mwili mzima. Ni mama gani aliyewahi kupungukiwa damu baada ya kujifungua asiyeelewa maana ya hesabu hiyo? Ule mfuko wa maji chini ya taya ni alama ya mwili uliokwisha kuishiwa.

KWA NINI MMOJA AFE NA MWINGINE ANAWIRI?

Hili ndilo swali kubwa. Kondoo wetu wote walikula katika malisho yale yale. Walinyeshewa mvua ile ile. Kwa nini yule mdogo hakuugua?

Jibu la kwanza ni kwamba minyoo hawagawanyiki sawasawa. Katika kundi la kawaida, kondoo wachache, kama wawili au watatu kati ya kumi, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya minyoo wote. Hao ndio wanaougua, na hao hao ndio wanaomwaga mayai malishoni na kuwaambukiza wenzao. Walio wengi hubeba wachache.

Jibu la pili ni kwamba miili haifanani. Kondoo wengine wana ukinzani: miili yao huwatambua minyoo, huwazuia kukaa, huwatoa, au huwafanya watage mayai machache. Wengine wana ustahimilivu: minyoo wamo, lakini kondoo anaendelea kukua na kunyonyesha kana kwamba hakuna neno. Maneno haya mawili hayana maana moja, na ni vizuri kuyatenganisha. Mstahimilivu anajiokoa yeye mwenyewe, ila aweza kuendelea kuchafua malisho kwa mayai. Mkinzani anajiokoa na kuwapunguzia wenzake mzigo. Ukimpata mwenye yote mawili, mshike kwa mikono miwili.

Jibu la tatu ndilo la furaha zaidi: sehemu ya nguvu hiyo hurithiwa. Mama na baba humpa mtoto, kama wanavyompa rangi ya manyoya na umbo la masikio. Hairithiwi yote, maana chakula, umri na mimba vina nafasi yake. Lakini inarithiwa kiasi cha kutosha ili anayechagua wazazi mwaka baada ya mwaka aone kundi lake likibadilika. Wafugaji wa New Zealand na Australia wamekwisha kufanya hivyo kwa miaka mingi, wakichagua madume ambayo uzao wao hutoa mayai machache ya minyoo.

YALIYOONEKANA PWANI YA KENYA

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Mmoja wa kondoo wanaosifika duniani kwa kukinza minyoo ni wa kwetu Afrika Mashariki: Kondoo Mwekundu wa Kimaasai, anayefugwa kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya. Ana manyoya mafupi badala ya sufu, mkia wenye mafuta, na umbo lisilo kubwa.

Tangu miaka ya 1970 watafiti waliokuwa Kenya, Preston na Allonby, walieleza kwamba kondoo huyu huugua minyoo kidogo kuliko aina nyingine. Baadaye kazi kubwa ilifanyika katika shamba moja la Diani, kusini mwa Mombasa, mahali penye joto na unyevu ambapo minyoo hustawi. Kazi hiyo ilirithiwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyoanza mwaka 1995 baada ya taasisi mbili kuungana, na mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele ni mtaalamu Leyden Baker. Wanakondoo waliozaliwa kati ya mwaka 1991 na 1996 walifuatiliwa: Wekundu wa Kimaasai, Dorper, na machotara wao. Walipimwa uzito, walipimwa damu, na mayai ya minyoo katika kinyesi chao yalihesabiwa.

Dorper ni kondoo aliyetengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya aina mbili. Ana mwili mkubwa na nyama nyingi, na mfanyabiashara humpenda. Lakini kule Diani, Wekundu wa Kimaasai walitoa mayai machache ya minyoo, walibaki na damu nyingi zaidi, na wanakondoo wao walikufa wachache kuliko wa Dorper. Hesabu ya kundi zima ilipopigwa, kondoo yule mdogo alimpita mkubwa kwa faida, maana kondoo mkubwa aliyekufa hana kilo hata moja. Katika nchi kavu, ambako minyoo ni wachache, tofauti hiyo ilipungua sana. Hilo nalo ni fundisho: kondoo bora ni yule anayefaa mahali alipo.

Katika shamba lile lile la Diani mbuzi nao walipimwa. Mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki, jamaa za hawa tunaowafuga vijijini, walikinza minyoo vizuri kuliko mbuzi wa Galla ambao ni wakubwa. Kwa hiyo mama mwenye mbuzi asifunge ukurasa huu.

Lakini kuna jambo la kusikitisha. Tangu katikati ya miaka ya 1970 wafugaji wengi wa Kenya walishawishiwa kupandisha majike yao kwa madume ya Dorper, ili wapate wanakondoo wakubwa. Machotara wa kwanza walipendeza. Watu wakaendelea kuchanganya bila mpango, kizazi baada ya kizazi, mpaka Kondoo Mwekundu halisi akaanza kuwa adimu katika sehemu nyingi alikozaliwa. Walitafuta ukubwa, wakapoteza uimara. Tuliposikia habari hiyo tulitazamana na baba bila kusema neno, maana ndivyo tulivyotaka kumfanyia jike wetu Pasaka ile.

JINSI YA KUTAZAMA JICHO

Kila mama aliyempeleka mtoto kliniki amemwona muuguzi akivuta kope ya chini ya mtoto ili kutazama kama damu inatosha. Kwa kondoo ni hivyo hivyo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano za kulinganisha na jicho la kondoo. Kadi hiyo inaitwa FAMACHA, jina lililotokana na la Faffa Malan, daktari wa mifugo aliyeibuni. Imesaidia wafugaji wadogo katika nchi nyingi.

Fanya hivi. Mshike kondoo mchana penye mwanga wa jua, si ndani ya banda. Kwa kidole gumba kimoja teremsha kope ya juu ifunike jicho, ukandamize jicho taratibu. Kwa kidole gumba cha mkono wa pili vuta kope ya chini. Utando wa ndani utajitokeza. Utazame upesi, kisha uachie, maana ukikawia rangi hubadilika. Tazama macho yote mawili. Yakitofautiana, fuata lile lililofifia zaidi.

Rangi ya 1 ni nyekundu kabisa. Ya 2 ni nyekundu inayoelekea waridi. Ya 3 ni waridi. Ya 4 ni waridi iliyofifia. Ya 5 ni nyeupe kama karatasi. Wa 1 na wa 2 hawahitaji dawa. Wa 4 na wa 5 wapewe dawa siku hiyo hiyo. Wa 3 yuko njia panda: akiwa ni mwanakondoo, au jike mwenye mimba, au anayenyonyesha, au amekonda, apewe dawa.

Kadi yenyewe hutolewa pamoja na mafunzo, kwa hiyo mwulize bwana mifugo wa kata. Ukiikosa, usikae bure. Linganisha kondoo wako wao kwa wao. Baada ya kutazama macho ya kondoo kumi mfululizo, hata mtoto wa darasa la nne atakuonyesha aliye mwekundu na aliyefifia. Wakati wa mvua tazama kila baada ya majuma mawili, na mvua zikizidi, kila juma. Kiangazi, mara moja kwa mwezi yatosha.

DAFTARI LA KUNDI

Kutazama jicho kunakuonyesha nani apewe dawa leo. Ili kujua nani mwenye nguvu ya kudumu, ni lazima kuandika. Kumbukumbu ya kichwa hudanganya, hasa tunapompenda kondoo fulani kwa uzuri wake.

Sisi tulichukua daftari la shule lililobaki na kurasa. Kila kondoo tulimpa alama, wengine ya sikioni, wengine kwa kamba ya rangi shingoni. Mwanetu wa pili ndiye mwandishi. Anaandika tarehe, rangi ya jicho, kama amepewa dawa, na kwa jike, siku aliyozaa na dume lililompanda. Kazi yote haifiki nusu saa.

Baada ya msimu mmoja wa mvua daftari lilianza kusema. Jike mdogo: hakupewa dawa hata mara moja. Majike wawili: mara moja moja, walipokuwa wakinyonyesha. Jike mwingine mweupe: mara nne. Dume letu la kusifiwa: mara tatu. Wanakondoo wake wawili walifuata nyayo za baba yao. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini uwe na haki unapohukumu. Mwanakondoo ambaye hajafikisha miezi mitano au sita bado mwili wake haujajifunza kupigana, kwa hiyo usimkatie tamaa mapema. Mtazame katika mvua zake za kwanza baada ya kuachishwa kunyonya. Jike naye, siku za karibu na kuzaa na majuma ya mwanzo ya kunyonyesha, nguvu zake hupungua na mayai ya minyoo huongezeka. Jike anayepita siku hizo jicho likiwa jekundu, huyo amefaulu mtihani mgumu kuliko yote.

KUHESABU MAYAI

Tulikwisha kusema kwamba ukinzani na ustahimilivu ni vitu viwili. Jicho huonyesha kama kondoo ana damu, lakini halikuambii kama ana minyoo wachache au ana wengi anaowavumilia. Kwa hilo hatuna budi kupima kinyesi.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Kinyesi kibichi huchukuliwa moja kwa moja kutoka kwa kondoo, si chini, kikapimwa uzito, kikachanganywa na maji yaliyokolezwa chumvi. Mayai ya minyoo ni mepesi kuliko maji hayo, kwa hiyo huelea juu. Mtaalamu huyahesabu kwa hadubini katika kioo chenye mistari, kisha hupata idadi ya mayai katika gramu moja ya kinyesi. Kondoo wawili waliolishwa pamoja, mmoja akiwa na mayai mia mbili na mwenzake elfu nne, huna haja ya kuuliza nani mkinzani.

Kuwapima wote kila mara ni gharama kwa nyumba nyingi. Lakini akina mama wakiungana, wanaweza kuomba bwana mifugo awasaidie kupeleka maabara kinyesi cha wachache tu: yale madume machanga mawili au matatu ambayo daftari limeyasifu. Wapimwe wakati wa mvua, kabla hawajapewa dawa, wote siku moja. Ukipima kiangazi, au baada ya dawa, utapata jibu lisilo na maana.

DUME NI NUSU YA KUNDI

Jike huzaa mwanakondoo mmoja au wawili kwa mzao mmoja. Dume moja huzaa wote. Ndiyo maana kosa la dume ni kosa la kundi zima, na dume jema ni baraka kwa kundi zima. Wasomaji wa Maandiko watamkumbuka Yakobo alipochunga kondoo wa Labani, jinsi alivyowatenga wenye nguvu na walio dhaifu asiwachanganye.

Kanuni tunazofuata sasa ni chache. Anayehitaji dawa mara tatu au zaidi katika msimu mmoja, huyo ndiye wa kuuzwa au kuchinjwa, hata kama ni mzuri wa sura. Asiyehitaji dawa, na wanawe nao hawaihitaji, huyo habanduki. Dume lichaguliwe kati ya wana wa majike bora. Na kwa kuwa si vizuri dume kumpanda mama yake au dada zake, tunabadilishana madume na jirani ambaye naye ana daftari. Dume la kununua mnadani, ambalo hujui habari za mama yake, ni kama mchumba aliyekuja bila mshenga.

TUSIJIDANGANYE

Kwanza, si kila jicho lililofifia ni la minyoo. Kupe, njaa, minyoo bapa wa ini na ndorobo huleta upungufu wa damu pia. Tena kuna minyoo wengine wasionyonya damu, bali huleta kuharisha na kukonda, na jicho likabaki jekundu. Kondoo anayeumwa usiyemwelewa mpeleke kwa mtaalamu.

Pili, kumpa kila kondoo dawa kila mwezi si usalama. Minyoo nao hujifunza. Wale wachache wasiokufa kwa dawa ndio wanaobaki kuzaa, na baada ya miaka dawa inakuwa maji. Tukiwaacha bila dawa kondoo wenye macho mekundu, minyoo dhaifu wanabaki malishoni na kuchanganyika na hao sugu, na dawa inaendelea kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Anayehitaji apewe kipimo kamili kwa uzito wake. Kumpunguzia ili chupa itoshe ni kuwafundisha minyoo. Dawa ya albendazole asipewe jike katika mwezi wa kwanza wa mimba, maana yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Siku za kungoja kabla ya kula nyama zimeandikwa kwenye chupa, zifuateni. Na dawa ya kondoo si ya watoto, kamwe.

Tatu, ukinzani haushindi njaa. Mwili hauwezi kupigana bila chakula cha kujenga mwili. Majani ya lukina, majani ya viazi vitamu, mashudu ya alizeti kidogo kwa jike anayenyonyesha, yote hayo ni silaha. Viluwiluwi vingi hukaa sehemu ya chini ya jani, kwa hiyo usiwaache kondoo watafune malisho mpaka udongoni, na asubuhi ungoja umande ukauke. Banda la kichanja huwatenga na kinyesi chao, na samadi ikiiva vizuri kwenye lundo huenda shambani kwenye mahindi.

MAZUNGUMZO YA JIONI

Tumesimulia habari za jicho na daftari, lakini lililokuwa gumu kuliko yote nyumbani kwetu lilikuwa ni kusema. Kondoo wa kuuza huchaguliwa na baba, na mnunuzi akija hutaka aliye bora. Sisi akina mama na watoto ndio tunaowafungulia asubuhi na kuwaingiza jioni. Ndio tunaojua nani hubaki nyuma. Lakini mara nyingi ujuzi huo hubaki mdomoni mwetu mpaka kondoo amekwisha kupakiwa kwenye baiskeli.

Jioni ile baada ya bwana mifugo kuondoka, tulikaa kimya kwa muda. Kisha mama akasema, "Baba, huyu mdogo tusimwuze. Tuuze dume."

"Dume? Watu watatucheka."

"Wale watatu waliokufa, watu hawakutucheka?"

Baba hakujibu. Lakini baadaye dume liliondoka, kwa bei nzuri, na kwa fedha zake tukalipa mchango wa shule na kununua chupa ya dawa. Kwa mvua zilizofuata tuliazima dume la jirani, fupi, lisilo na sifa yoyote barabarani, ambalo mama yake hakuwahi kunyweshwa dawa ya minyoo tangu kuzaliwa kwake hilo dume.

Hiyo sasa ni misimu minne ya mvua. Kundi letu ni kondoo kumi na mmoja, na wanne kati yao ni wa uzao wa yule jike mdogo. Hatujamaliza minyoo, na mwaka jana tulimpoteza mwanakondoo mmoja. Lakini chupa ya dawa iliyokuwa haitoshi msimu mmoja, sasa hubaki. Wana wa jike yule si wakubwa. Mnunuzi akija, huwapita kwa macho, naye baba humwacha awapite.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi tuliambiwa, nasi tunawaambia ninyi. Leo jioni, kabla jua halijazama na kondoo hawajaingia zizini, mshike mmoja tu. Funua kope. Kisha mshike wa pili, umlinganishe na wa kwanza. Mwite na baba watoto aje atazame.